Chupa ya Châteauneuf-du-Pape juu ya kabati la jikoni: ishushe kwanza, afu tuongee

Swali: "Habari mtaalamu. Bosi wangu ni Mfaransa, mkataba wake umeisha karudi kwao, wakati anagawa vitu vya nyumbani akaniachia chupa moja ya waini nyekundu imeandikwa Château de Beaucastel, Châteauneuf-du-Pape, 2012. Nilishawahi kuonja hiyohiyo kwake na kusema ukweli ilikuwa na harufu kama ya zizi la mbuzi, nikamezea tu kwa heshima. Je ile ilikuwa imeharibika? Na huyo Papa ni Papa wa Roma kweli au jina tu? Kwa sasa nimeiweka juu ya kabati la jikoni hapa Mbezi. Mke wangu anasema tuiuze. Niinywe lini, na niinywe na nini?"

Jibu:

Kaka, kabla ya yote inuka hapo ulipo uishushe hiyo chupa. Juu ya kabati la jikoni kwa joto la Dar ni sawa na kuiweka kwenye oveni ya moto mdogo, mvuke wote wa wali na maharage unapanda hukohuko, na waini ikikaa kwenye nyuzi 32, 33 miezi kadhaa inajipika yenyewe ndani ya chupa, ukija kuifungua unakuta ladha ya jamu iliyoungulia. Ilaze ubavu ili kizibo kiloane (kikikauka kinasinyaa na hewa inapita), iweke kona yenye giza ya chumba chenye ubaridi, chini sakafuni, na kama nyumba nzima ni joto basi droo ya chini ya friji, ile ya mboga. Friji sio kwao pa kudumu lakini kwa wiki kadhaa haina neno.

Haya, tuje kwa Papa. Sio papa wa Feri anayeuzwa vipande, ni Papa mwenyewe, Baba Mtakatifu. Mwaka 1309 Papa Klementi wa 5, ambaye alikuwa Mfaransa, alihamia Avignon kusini mwa Ufaransa badala ya kukaa Roma, na baada yake mapapa wakaendelea kukaa hapohapo hadi 1377, jumla walikuwa saba. Wa pili wao, Yohane wa 22, akaamuru ajengewe ngome juu ya kilima, mwendo mfupi tu kaskazini mwa Avignon, pa kupumzikia na kukimbia joto la mji. Ujenzi ulianza kama 1317 ukaisha 1333. Ndo hiyo "ngome mpya ya Papa", tafsiri ya jina lililopo kwenye chupa yako ni hiyo tu, hakuna siri. Ila usidhani jina lenyewe limetumika tangu enzi hizo, kijiji kiliitwa Châteauneuf-Calcernier kwa miaka mingi kwa sababu ya chokaa iliyokuwa ikichimbwa na kuchomwa pale, hili la Papa lilifanywa rasmi 1893, na mimi naamini kabisa kuna mtu alishaona kwamba Papa anauza kuliko chokaa. Ngome yenyewe leo ni ukuta na nusu. Agosti 1944 Wajerumani wakiwa wanarudi nyuma waliilipua kwa baruti, upande mmoja ukaanguka na mwingine ukagoma, na huo uliogoma ndo unauona kwenye picha zote za kitalii.

Mimi nilikwenda kule msimu mmoja wa mavuno, nilikuwa nafanya kazi hotelini wakati huo na nikapata nafasi ya kwenda kujifunza. Kitu cha kwanza kilichonishangaza ni kwamba sikuona udongo. Nilidhani nimepelekwa kwenye machimbo. Mizabibu inatoka katikati ya mawe, mawe ya mviringo yaliyolainika kama ya mtoni, mengine saizi ya embe dodo, mengine saizi ya boga zima, na ukitembea unateguka mguu kila hatua ya tatu. Na kweli ni ya mtoni, mto Rhône uliyasomba kutoka milima ya Alps zamani sana ukayaacha pale mto ulipohama. Wenyeji watakwambia mawe yanameza jua mchana na kulitoa usiku kwa hiyo zabibu zinaiva vizuri, nami niliweka kiganja juu ya jiwe saa mbili usiku jua limeshazama na lilikuwa bado la moto kama chungu kilichoepuliwa muda si mrefu. Ila kwa akili yangu hiyo ni nusu ya habari, maana sehemu yenye jua kali kiasi kile haihitaji tena kupashwa moto usiku, kinachosaidia zaidi ni kwamba chini ya mawe kuna mfinyanzi unaotunza maji, na mawe yanazuia jua lisiyakaushe. Mzabibu unateremsha mizizi mbali kuyafuata. Na wala sio kijiji kizima kiko hivyo, kuna watengeneza waini maarufu sana pale wanaitwa Rayas, mashamba yao ni mchanga, na waini yao watu wanaigombania dunia nzima.

Kingine ni upepo. Unaitwa mistral, unashuka kutoka kaskazini kufuata bonde la Rhône, mkavu, unavuma siku kadhaa mfululizo mpaka unajihisi kichwa kinauma. Wakulima wanaulaani na kuushukuru kwa pumzi moja, unavunja machipukizi lakini unakausha ukungu, mvua ikinyesha leo kesho majani yameshakauka, ndo maana ni rahisi kule kulima bila madawa mengi kuliko sehemu nyingine za Ufaransa. Kwa ajili ya upepo huohuo mizabibu ya Grenache (aina ya zabibu inayolimwa zaidi pale) inakatwa mifupi kama kichaka, inasimama yenyewe bila nyaya. Kama umewahi kupita Dodoma ukaona zabibu zinavyotambazwa kwenye nyaya na kuvunwa mara mbili kwa mwaka, kule ni mara moja tu, kuanzia Septemba hivi, halafu mti unapukutisha majani unalala baridi yote.

Sasa sikiliza sehemu ambayo watu wengi hawaijui na ndo inayofanya maandishi ya chupa yako yawe na maana. Karne ya 19 kulitokea mdudu, filoksera, aliyeingia na miche kutoka Marekani, na alianza kuonekana miaka ya 1860 hukohuko Rhône ya kusini, ng'ambo tu ya mto kutoka kijiji hiki. Anakula mizizi. Mashamba ya Ufaransa karibu yote yaliangamia, dawa ikawa ni kupandikiza mizabibu ya Kifaransa juu ya shina la Kimarekani ambalo mdudu huyo halidhuru. Baada ya hapo ikaja njaa ya waini na wizi wake, mtu anachukua waini ya popote anaiandika Châteauneuf, na hata ile ya kweli ilikuwa inanunuliwa kwa mapipa kwenda kuongezewa kwenye waini nyepesi za Burgundy, mkoa mwingine wa Ufaransa, ili zipate nguvu. Yaani ilikuwa kama ndimu kwenye supu ya mwenzio, jina la supu sio lako.

Mwaka 1923 wakulima wakamfuata jirani yao mmoja, Baron Le Roy, mwanasheria aliyekuwa rubani wa vita ya kwanza ya dunia, wakamwomba awapiganie. Akakubali ila kwa masharti, kwamba wao wenyewe kwanza wajifunge: mipaka ya ardhi ijulikane, aina za zabibu zijulikane, namna ya kukata mizabibu, kiwango cha chini cha kilevi, zabibu mbovu zichambuliwe zitupwe. Na namna yake ya kuchora mpaka mimi naipenda mno, alisema ardhi inayofaa ni ile kavu ambayo lavenda na majani ya thaimu vinaota pamoja. Hakuna mashine, unaangalia majani tu. Kesi zikaenda miaka, na 1936 ikawa moja ya waini za kwanza kabisa Ufaransa kupewa hadhi ya jina linalolindwa na sheria, hizo AOC unazoziona kwenye chupa za Kifaransa. Mpaka leo kule kuvuna ni kwa mkono tu, mashine marufuku, na mavuno yana ukomo wa lita 3,500 kwa hekta, ukigawa kwa idadi ya miti unapata chupa moja na kitu kwa mti mmoja kwa mwaka mzima. Rozee, ile waini ya rangi ya waridi, hairuhusiwi, ni nyekundu na nyeupe basi. (Wana hata sheria ya visahani vya angani. Mwaka 1954 watu walipokuwa wanaona UFO kila mahali meya wao alitoa amri ya kuvikataza kupita, kutua au kuruka ndani ya kijiji, na amri hiyo haijafutwa. Ilikuwa ni kiki ya biashara na ilifanya kazi, si unaona mimi hapa nakusimulia.)

Beaucastel yenyewe sasa. Shamba liko upande wa kaskazini, karibu na mji wa Courthézon, jina limetoka kwa Pierre de Beaucastel aliyenunua ghala na ardhi pale mwaka 1549. Familia ya sasa imeingia 1909, Pierre Tramier alinunua, akarithisha kwa mkwe wake Pierre Perrin, na akina Perrin ndo wapo mpaka leo, kizazi cha tano. Wa kumkumbuka ni Jacques Perrin, mtoto wa Pierre. Huyu mwaka 1950, wakati kila mtu Ulaya anakimbilia mbolea ya viwandani na dawa za kupuliza, yeye akaziacha. Watu walimwona mkaidi. Akabuni pia kitu cha ajabu kidogo, zabibu zikishatolewa vikonyo zinapashwa moto wa ghafla kiasi kwamba maganda yanafika kama nyuzi 80 halafu zinapoozwa haraka kurudi 20, lengo likiwa ni kuua vimeng'enya vinavyoharibu juisi ikikutana na hewa na kuvuta rangi, ili wasitegemee sana zile kemikali za salfa. Ni kama unavyochovya mboga kwenye maji ya moto kidogo kabla ya kuzigandisha, kanuni ni hiyohiyo.

Na walishikilia aina zote 13. Sheria ya kijiji ilitaja aina 13 za zabibu zinazoruhusiwa, nyeusi kwa nyeupe, lakini wengi wanalima Grenache ndo nyingi kupita zote halafu wanagusia Syrah na Mourvèdre, wale wengine kama Counoise, Vaccarèse, Muscardin, Terret noir, Picardan wameachwa na wengi. Beaucastel wanazo zote, na chupa yako ina kama theluthi moja Grenache na theluthi nyingine Mourvèdre, afu Syrah na Counoise kama sehemu ya kumi kila moja, zilizobaki ni kidogokidogo mpaka nyeupe zimo. Kila aina inachachushwa peke yake halafu ndo inachanganywa, inakaa mwaka kwenye mapipa makubwa ya mwaloni (makubwa kweli, mtu anasimama ndani), inaingia chupani inakaa tena karibu mwaka kabla haijauzwa. Fikiria masala ya pilau: hakuna anayetafuna karafuu peke yake akasema tamu, lakini itoe uone. Grenache inatoa utamu wa tunda na kilevi na ujoto, ila haina rangi ya kutosha na inazeeka upesi. Mourvèdre inatoa rangi, ukakasi, na ile harufu ya nyama na ngozi. Counoise inaleta uchachu na kapilipili fulani.

Nimefika kwenye zizi lako la mbuzi.

Kwanza usijione mshamba, pua yako iko sawa, hilo zizi wataalamu wa kulipwa wamelibishania miaka mingi na Beaucastel hii ndo mfano unaotajwa kuliko wote. Kuna vyanzo viwili na vinafanana kwa mtu asiyezoea. Cha kwanza ni Mourvèdre yenyewe, ikikaa chupani bila hewa inajifunga na ukiifungua ghafla inatoa harufu nzito ya mnyama, lakini ukiimimina kwenye jagi ukaiacha nusu saa au saa nzima harufu inapungua na matunda yanatokea. Cha pili ni hamira ya porini inayoitwa Brettanomyces, watu wa kazi wanaiita bret tu, inaishi kwenye mapipa ya mbao, inakula mabaki ya sukari na kuacha harufu ya zizi, hatamu ya farasi, plasta ya kidonda. Hii hewa haiiondoi. Chupa za Beaucastel za miaka ya 1980 na 1990, hasa ile 1989 na 1990, zilijulikana kwa jambo hili, na kuna waliozipenda kwa sababu hiyohiyo na wengine wakazimwaga. Siku hizi ni safi zaidi. Kidogo ni kiungo, kama ule moshi wa maziwa ya kibuyu, ikizidi inafunika kila kitu hadi huwezi kujua ilitoka kijiji gani.

Kwa hiyo swali langu kwako ni moja: bosi alifungua na kumimina palepale? Kama ndiyo, nahisi ilikuwa tu haijapumua. Iliyoharibika kweli ina dalili nyingine, boksi la kadibodi lililoloana au daftari la mvua (hapo kizibo ndo kibovu), siki, au jamu iliyoungua kama nilivyosema mwanzo. Zizi peke yake sio ushahidi wa kosa.

Umri wake sasa. 2012 ulikuwa mwaka mzuri kule kusini, sio wa makelele kama 2010 au 2016, lakini mzuri, na Beaucastel ni waini ya kutunzwa, wazoefu huwa wanainywa mapema sana ikiwa bado na matunda mabichi au wanaivumilia ivuke miaka kumi, kule katikati huwa inanuna. Yako imeshavuka. Kama ingekuwa kwenye ghala lenye nyuzi 13 ningekwambia una miaka mingi mbele, ila imeshakaa nyumbani kwa mtu, ikapanda gari, ikakaa juu ya kabati lako, hatujui imepitia nini. Inywe ndani ya mwezi au miwili hii. Na ndo jibu la shemeji kuhusu kuuza: kwa Ulaya chupa kama hii inavuka yuro 60, lakini mnunuzi wa kule anauliza imetunzwa wapi, ukimjibu Mbezi juu ya jiko anakata simu, na hapa kwetu kuuza pombe kunataka leseni. Mwambie faida yake iko tumboni.

Siku ya kuinywa: siku moja kabla isimamishe wima ili mashapo yatulie chini, kwa umri huo yatakuwepo, ni masimbi tu ya rangi na ukakasi, hayana madhara ila yanakwaruza ulimi. Iweke friji kama dakika 40. Usiogope, hili la "waini nyekundu inanyweka kwa joto la chumba" liliongelewa na watu ambao vyumba vyao ni nyuzi 17, sio chumba chako chenye feni inayozungusha hewa moto. Hotelini kwetu tulishapeleka mezani chupa ya kijiji hikihiki ikiwa imetoka kwenye shelfu ya baa karibu na mashine ya kahawa, mgeni akanywa fundo moja akasukuma glasi, akasema inachoma kama konyagi, na alikuwa na haki, waini yenye kilevi cha asilimia 14 na kitu ikiwa ya moto kinachopanda puani ni spiriti tu. Tuliiweka kwenye ndoo ya barafu robo saa, akanywa yote. Unataka chupa ikiguswa iwe baridi kidogo, isitoe jasho.

Kizibo kivute polepole, kwa umri huo kinaweza kukatika nusu, kikikatika ingiza opena kwa mshazari uvute tena, kikitumbukia chuja kwa kitambaa safi basi. Mimina taratibu kwenye jagi la glasi, shikilia tochi ya simu nyuma ya shingo ya chupa, ukiona utepe wa tope unakaribia mdomo acha hapo. Iache saa moja. Usijaze glasi, theluthi inatosha, zungusha, nusa ndo uonje.

Chakula: wenyewe kule Provence, kusini mwa Ufaransa, wanakula na mwanakondoo aliyechomwa na vitunguu saumu na thaimu, kwa hiyo wewe una bahati, mguu wa mbuzi wa kuchoma taratibu ni ndugu yake wa damu. Pilau ya nyama inaenda nayo vizuri kuliko vyakula vingi vya Ulaya nilivyojaribu, karafuu na mdalasini na pilipili manga zinakutana na zilizomo kwenye glasi. Ukakasi wake ukikubana ulimi kama umekula bibo, kula kipande cha nyama yenye mafuta ndo unywe tena, utaona unalainika. Pilipili mbuzi weka mbali usiku huo, inakuza kilevi mdomoni mpaka husikii kingine. Na vya nazi tamutamu, wali wa nazi, samaki wa kupaka, viache kwa siku nyingine, vinaifanya iwe chungu.

Kama mkiipenda na bei ya chupa kama hii haiwezekani, familia hiyohiyo ina Coudoulet de Beaucastel, shamba lake liko ng'ambo tu ya barabara kuu, mawe yanafanana, ila mpaka wa Baron ulipita katikati kwa hiyo inaitwa Côtes du Rhône, jina la jumla la waini za bonde hilo, na bei ni ya chini sana. Ile yenye picha ya kuku, La Vieille Ferme, nayo ni ya akina Perrin, ni ya kila siku, haitoki kijiji hiki, usije ukauziwa kwa hadithi ya Papa.

Na msimalize yote usiku huohuo. Bakiza glasi moja, rudisha kizibo, weka friji, kesho jioni itoe ikae nusu saa halafu nusa tena kama zizi bado lipo. Njoo uniambie umekuta nini.